Afande Aliyetufundisha Chip

Nikiulizwa nilisomea wapi hutaja jina la chuo, kwa sababu ni jibu lisilozaa swali jingine. Chuo kilinipa diploma na mafungu ya karatasi zilizotolewa nakala ya nakala mpaka michoro ikawa madoa. Kazi yenyewe nilifundishwa Katwe, Kampala, na mwanajeshi aliyeacha jeshi, katika chumba cha mabati kilichobanwa kati ya mpiga masufuria na mchomelea mageti. Kwa miaka kumi na mmoja nilimchukia mtu huyo kwa raha zangu, na naandika sasa kwa kuwa raha yenyewe imekwisha.

Sote tulimwita Afande. Majirani walimwita hivyo, wateja hivyo hivyo, na hata mkewe alipomletea chakula mchana alisema, "Afande, kula kabla haijapoa," kama anayetoa taarifa kwa mkubwa wake. Huko kaskazini alikotoka sikukujua wala sikuuliza. Nilimkuta tayari mtu mzima, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, katika mtaa ambao mvua ya nusu saa huugeuza bwawa. Brashi ya viatu aliiweka droo moja na koleo zake ndogo za kazi. Meza ya kompyuta ilisimama juu ya matofali, na kila msimu wa mvua aliongeza tofali, hata ikafika mahali wafupi kama mimi tulichapa tukiwa tumesimama.

Jeshini alitengeneza redio. Baada ya vita vya themanini na sita redio mbovu zilikuwa nyingi na waliojua kuzifungua walikuwa wachache, kwa hiyo walimweka huko muda mrefu kuliko alivyotaka. Alitoka na pensheni iliyochelewa, bisibisi seti moja ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa, na mapenzi ya ajabu kwa aina moja ya chip.

Chip ya kawaida hutoka kiwandani na kazi yake, kama jembe linavyotoka na umbo la jembe. Hizi za Afande hutoka tupu. Ndani mna seli ndogo ndogo ambazo bado hazijaunganishwa, na wewe ndiye unayeamua ipi isikilize ipi, na lini. Unaandika mantiki yako, unaipeleka kwa waya, na kile kidude cheusi kinakuwa ulichokifikiria, iwe ni saa, au mlinzi, au mhesabu. Madukani Kampala miaka ile hukuzipata. Afande alizichuna kwenye bodi za mitambo ya simu iliyotupwa na mashine za kamari zilizokufa, alizonunua kwa kilo kutoka kwa watu wa shaba chakavu. Waya wa kuziandikia aliutengeneza mwenyewe, akauchomeka nyuma ya kompyuta pale ambapo wenzake walichomeka printa.

Baba yangu ndiye aliyenipeleka, kama anavyopeleka gari bovu. Sisi ni Wakenya. Baba aliuza vipuri vya magari, tuliishi kwenye fleti Bukoto, na alimfahamu Afande kwa sababu wote wawili walizungumza Kiswahili bila kulazimishwa.

"Huyu nasoma nini?" Afande alimwuliza baba, si mimi.

"Elektroniki. Ana diploma tayari."

"Diploma iko na mikono?"

Baba alicheka. Mimi sikucheka, na Afande aliliona hilo, nadhani ndilo lililonipa nafasi. Alinitupia bodi iliyokufa, kubwa kama sinia, akaonyesha chip ya mraba yenye miguu arobaini na minne, miembamba kama nywele za ndevu. "Mkenya, toa hii. Mguu moja ikipinda, anza ingine."

Ilinichukua wiki tatu. Kwa wiki tatu sikufanya lolote ila kupuliza hewa ya moto, kuinua na kupinda miguu, nikiunguza vidole na kurudi Bukoto nanuka lehemu. Chip ya kwanza niliyoiharibu aliitundika ukutani kwa uzi, pamoja na za wanafunzi wengine, kila moja na kibandiko cha mwenyewe. Changu kiliandikwa tu Mkenya. Wateja wakiuliza vile ni vitu gani aliwaambia ni makaburi.

Alikuwa na namna ya kufundisha ambayo sijaiona kwa mtu mwingine, na najua nitamsifu hapa bila kupenda. Siku tulipofika kwenye somo la saa, yaani ule mdundo unaoziambia seli zote zibadilike kwa pamoja, hakuchora chochote. Alitupanga wanne kando ya ukuta wa mabati, nje, kwenye jua. Kila mmoja wetu alikuwa seli. Mkono juu ni moja, mkono chini ni sufuri.

"Wewe angalia huyu ya kushoto," alisema. "Nyundo ikianguka, kuwa kama yeye ilikuwa. Si kama yeye iko. Kama ilikuwa."

Nyundo ilikuwa ya jirani, mpiga masufuria, ambaye hakujua kwamba tumemfanya saa yetu. Ko! Mkono wa kwanza ulipanda. Ko! Ukapanda wa pili, wa kwanza ukashuka. Mkono mmoja ulitembea kutoka kwa mtu hadi kwa mtu kwenye ule mstari, na aliyebadilika kabla ya nyundo alitolewa akasimame peke yake kama mwizi. Jirani alipogundua anatumiwa, akaanza kutuchezea, anapiga tatu za haraka, anaacha, anakunywa maji, huku mmoja wetu amekwama mkono juu. "Afande," alipaza sauti, "askari yako wamecherewa!" Watu wa Katwe walicheka siku nzima. Lakini mimi mpaka leo, nikiona mchoro wa saa, mkono wangu wa kulia unataka kupanda.

Neno la sifa hakuwa nalo, alikuwa na "bado". Ukileta kazi, taa inawaka inavyotakiwa, wewe umejaa furaha, Afande huchomoa waya mmoja makusudi. Taa ikizimika au ikicheza vibaya, anasema, "Bado." Isipobadilika, anachomoa wa pili. Alikuwa na msemo kwamba taa ikiwaka mara ya kwanza, usiishukuru, iulize. Niliwahi kumletea kifaa cha kuhesabu mayai ya mashine ya kuangulia vifaranga, kikafanya kazi siku nne mfululizo bila kosa. Alikitazama, akachukua kikombe chake cha chai, akaondoka. Wenzangu walinipongeza kwa sababu hakusema bado.

Mambo yake mengine hayakukaa pamoja. Alichukia siri kwa maneno, alisema fundi anayeficha ujuzi ni sawa na mlevi anayeficha chupa, na vitabu vyake alimpa yeyote aliyeomba, havikurudi, hakuuliza. Lakini kila chip iliyotoka karakana yake aliifunga. Kuna alama unayoiweka mwisho wa kuandika, ukishaiweka hakuna mtu atakayeweza kusoma kilichomo ndani. Chip itafanya kazi, ila haitasema nani aliiandika wala alifikiri nini. Aliyetaka kujua ilibidi aje kwake, ambako mantiki ya kila kazi iliandikwa kwa mkono kwenye madaftari ya hesabu, yale ya miraba, na madaftari yalikuwa ndani ya sanduku la chuma la jeshi. Ijumaa alifunga mapema kwa heshima ya mkewe Mwislamu, Jumapili hakufungua kabisa kwa kuwa yeye ni Mprotestanti, na siku zote mbili nilimkuta pale mlangoni, amekaa juu ya lile sanduku, hakwenda popote kusali.

Halafu kulikuwa na sheria ya mistari. Kabla ya kugusa kompyuta, unachora jedwali: hali zote ambazo kifaa kinaweza kuwemo, mstari kwa mstari, na mbele ya kila hali unaandika kifanye nini. Seli tatu zinatoa mistari minane. Labda kazi yako inahitaji mitano tu. Ile mitatu iliyobaki vitabu vyote vinakuruhusu kuweka alama ya X, maana yake haijalishi, hali hii haitatokea. Kompyuta huipenda sana X, inaijaza yenyewe itakavyo, na mantiki yako inakuwa fupi. Afande aliikataza. Kila mstari ujazwe. Hata usiotokea uandikiwe: ukijikuta hapa, zima vyote, anza upya.

Tulimnung'unikia, na mimi zaidi ya wote, kwa sababu chip zetu za kuokoteza zilikuwa ndogo na kujaza mistari kulimaanisha kazi haiingii. Siku moja alitueleza sababu, kwa kifupi. Jeshini walikuwa na kitabu cha ishara za redio. Ishara moja iliachwa wazi, kwa kuwa aliyekiandika aliamini hakuna atakayeituma. Ikatumwa. Waliokuwa upande wa pili walitafuta kitabuni wasione jibu. "Wakangoja," Afande alisema. Akaanza kufuta meza, na hakuna aliyethubutu kuuliza walingoja nini.

Sasa nifike kwenye kazi yangu.

Ilikuwa miaka ya mgao wa umeme, mji mzima unanguruma jenereta. Mwenye jengo moja la maduka Old Kampala alitaka kifaa cha kubadilisha umeme peke yake: laini, yaani umeme wa mji, ikikatika, jenereta iingie, laini ikirudi, jenereta itoke. Kuna swichi mbili kubwa zinazovutwa kwa umeme, kontakta, moja ya laini na moja ya jenereta, na jambo moja tu lisiloruhusiwa ni zote mbili kuingia kwa pamoja. Mwenye jengo alitaka rahisi, zikanunuliwa zilizotumika, zisizo na kile chuma cha katikati kinachozuia moja isiingie nyingine ikiwa ndani. Usalama wote ukabaki juu ya chip. Afande alinitupia kazi hiyo kama alivyonitupia ile bodi ya kwanza, akasema nisimwulize kitu.

Sikumwuliza. Miezi minne nilichora, nikafuta, nikaandika. Nilitengeneza vipindi vya kungoja kati ya kutoka na kuingia, nikatengeneza namna ya kuitambua laini iliyorudi kwa uongo, ile inayowaka sekunde mbili na kuzimika. Kifaa kilipokamilika Afande alichomoa waya mmoja, akachomoa wa pili, akachomoa wa tatu, kisha akakichukua kikombe chake akaondoka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na sijapata tena asubuhi kama ile.

Mwenye jengo alikuja kukiona, Mganda mnene wa kanzu na koti, pamoja na mtu wake wa umeme. Walizima, wakawasha, wakazima. Mtu wa umeme alipiga mluzi. Mwenye jengo akageuka akauliza, "Nani aritengeneza hii?"

Nilikuwa nimeshika pasi ya lehemu. Nakumbuka niliiweka chini kwanza, ili nijibu vizuri.

"Mimi," Afande alisema.

Hakunitazama. Mwenye jengo alimpa mkono, akaagiza vingine vinne kwa majengo ya ndugu zake, na akitoka aliniona, akauliza huyu nyabo, yaani huyu bibi, ni nani. "Mwanafunzi," Afande alisema. "Anasaidia kulehemu."

Ningeweza kulimeza hilo kama si barua. Shirika moja la nje lilikuwa likichukua vijana wachache kwenda kusomea ubunifu wa chip, kazi halisi, maabara halisi, chip mpya ndani ya boksi. Walitaka vitu viwili: kazi moja uliyoibuni mwenyewe, na barua ya mtu aliyekushuhudia ukiibuni. Kazi ilikuwa imefungwa, haisomeki. Daftari lilikuwa ndani ya sanduku, na Afande alikuwa amelinakili lote upya kwa mwandiko wake, kama alivyonakili ya wote. Ilibaki barua. Nilimwomba nikiwa nimesimama, mikono nyuma, jinsi alivyopenda.

"Jeshi hapana andika praiveti fulani alishinda," alisema. "Inaandika kamanda. Kazi ya hapa ni yangu, yote. Muzuri yangu, mubaya yangu."

"Afande, ni barua tu. Watu wa mbali. Hakuna mteja atakayeiona."

"Mkenya, nimemaliza."

Niliitoa chip yangu ukutani, ile ya kaburi, nikaondoka nayo, na sikurudi. Nafasi ile ilikwenda kwa wengine. Niliajiriwa na kampuni ya sola na umeme wa akiba, nikapanda, nikawa mkaguzi, nikapata gari la kazi na fulana yenye nembo. Chip sijaandika tena hata moja. Nilijiambia ni yeye aliyeniua mkono. Nilisimulia habari hii harusini na matangani. Niliisimulia kwa wachumba wawili. Niliisimulia vizuri, nikiigiza ile "Mimi" yake mpaka watu wakashika mbavu. Baba peke yake hakucheka. Aliwahi kuniambia, "Mwalimu wako ni mwalimu wako, hata akikuibia." Nikamwambia hayo awaambie watoto wa kiume.

Mwaka jana, asubuhi moja, ofisi ilinituma Old Kampala kukagua chumba cha jenereta, cha chini ya jengo, kilichoungua. Nilipoambiwa jengo nililitambua. Sikutambua kitakachonipata.

Mlinzi wa jenereta alikuwa hospitali, mikono yote miwili imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Wiki ile umeme ulikuwa haukatiki sawasawa, ulikuwa ukipepesa, unashuka, unapanda, unashuka tena. Aliona moshi, akakimbilia kuzima jenereta kwa mkono. Kwenye ukuta mweusi bado kilining'inia kifaa changu. Kontakta zote mbili zilikuwa ndani. Zote mbili, zimeyeyuka, zimeshikana.

Kuna kitu nimekiacha makusudi, kama nilivyokiacha kila nilipoisimulia habari hii, mpaka nilikuwa karibu nimekisahau. Kazi yangu haikuingia kwenye chip. Mwezi wa nne nilikuwa nimejaza mistari yote minane na kompyuta ikasema hakuna nafasi. Nikarudi kwenye mistari mitatu isiyotokea, nikafuta, nikaweka X, X, X. Ikaingia mara moja, na nafasi ikabaki. Afande akaniuliza, "Mistari yote?" Nikamwambia yote.

Umeme ukishuka nusu na kupanda, chip hufa nusu na kuamka. Inaweza kuamka kwenye mstari wowote, hata ule usiotokea. Na pale nilipoandika haijalishi, kompyuta ilikuwa imejichagulia yenyewe la kufanya. Nilisimama mbele ya zile swichi zilizoshikana.

Mwenye jengo, sasa mzee wa fimbo, alikuwa ameshatuma watu Katwe. Walimleta Afande saa nne. Alikuwa amekonda, macho yana ukungu, anashika ukuta kabla ya kupiga hatua. Viatu viling'aa. Mwenye jengo alisema anakwenda kumpokea polisi getini, tumsubiri, akatuacha sisi wawili na harufu ya mpira ulioungua.

"Shikamoo, Afande," nilisema.

Aligeuza sikio, si macho. "Mkenya."

"Ndiyo."

"Sauti imenenepa." Alipapasa ukuta, akakipata kifaa, akapitisha vidole juu ya zile kontakta kama anayesoma. Alifika pale zilipoungana, akasimama hapo. "Ile ingine nne nimetoa zote, juzi, nilipopata habari ya hii. Nimeweka kwa gunia."

Ilinibidi niseme kitu. Nilisema, "Afande, ile mistari—"

"Nilisoma," alinikatiza. "Mjukuu alinisomea daftari. Mistari tatu, X. Mimi ndiye niliandika hiyo X, nilikopi kwa yako. Nilikopi usiku mmoja madaftari mbili, sikuangalia. Nilikuwa nimekuuliza, ukasema yote."

"Nitawaambia," nilisema. Na nilipokuwa nikisema nilijisikia naomba anizuie.

"Utawaambia nini? Ile siku nilisema ni yangu. Leo haiwezi kurudi kuwa yako."

Aliisema bila upole wowote. Nimejaribu tangu siku ile kuamua kama alikuwa ananiokoa au ananinyima tena, na mara nyingine naona ni hili, mara nyingine lile, na yote mawili yananiuma mahali pale pale. Kwa miaka kumi na mmoja nilitaka akiri kwamba kazi ilikuwa yangu. Sasa alikuwa amekiri, sisi wawili peke yetu, mbele ya ukuta mweusi, na nilichokitaka kuliko vyote ni kwamba asiyaseme tena maneno hayo kwa sauti.

Mwenye jengo alirudi na polisi, kijana wa kaskazini pia, kwa sura na kwa jinsi alivyomsalimu mzee. Kulikuwa na fomu yangu ya ukaguzi, ile ya kampuni, na mwenye jengo aliigonga kwa fimbo. "Muurize," alisema. "Andika kira kitu."

Fomu ina swali hilo. Ni la tatu kutoka juu. Nilibofya kalamu, nikamtazama mtu aliyenifundisha kusimama nisibadilike mpaka nyundo ianguke, na nikamwuliza kwa sauti ya kazini.

"Nani alibuni kifaa hiki?"

Afande aliondoa mkono ukutani. Akasimama wima, visigino pamoja.

"Mimi."

Akalitaja jina lake lote, polepole, herufi kwa herufi, kama redioni, ili nisikosee. Sikukosea. Polisi akamwambia, "Afande, twende tuandike maelezo," akamshika kiwiko, na wakapanda ngazi pamoja, mzee akihesabu vidato kwa kunong'ona. Baba ananiambia karakana ile sasa ni ya mchomelea mageti, ameuvunja ukuta wa kati.

Nilibaki kumaliza fomu. Juu, jina la mbunifu. Chini kabisa, jina la mkaguzi, na saini. Niliijaza mistari yote. Ndiyo karatasi pekee iliyowahi kuweka jina langu na kile kifaa pamoja.